Kumpima Kijana Ambaye Bado Anakua

Kila mwaka mwanzoni mwa Julai, joto likiwa limekaza na watoto wetu wamefunga shule, timu kubwa za hoki huku Kanada na Marekani hugandisha barafu viwanjani kwa ajili ya wageni wa siku chache. Wageni hao ni vijana wa miaka 18 hadi 22 hivi. Wengine wametoka kuteuliwa wiki iliyopita katika drafti, ule mgao wa vipaji ambao timu 32 za ligi ya NHL huufanya kwa zamu saba, hadi majina zaidi ya 200 yanaitwa. Wengine waliteuliwa mwaka jana au mwaka juzi na bado wanakomazwa. Wengine hawakuitwa na timu yoyote. Wamealikwa tu waje watazamwe. Kambi hudumu siku nne au tano, kisha kila mmoja hurudi alikotoka.

Asubuhi wanapimwa nguvu na pumzi. Kisha huja mwalimu wa kuteleza, anayewarudisha kwenye mambo ya mtoto wa miaka sita: goti likunjwe namna gani, uzito uhamie mguu upi, kisigino kigeuke lini. Mchana wanakaa darasani kufundishwa habari za chakula na usingizi, jinsi ya kutunza fedha, na jinsi ya kujibu waandishi wa habari. Mwisho wa kambi kuna mechi ya wao kwa wao, na mara nyingi watu huruhusiwa kuingia bure. Kule juu, kwenye viti vya nyuma, wamekaa maskauti na viongozi wa timu wakiandika. Viongozi hao hupenda kusema kwamba hii si kambi ya majaribio, ni ya kufundisha. Hawasemi uongo. Lakini hakuna kijana hata mmoja kwenye ile barafu asiyejua kwamba anatazamwa. Mwalimu na hakimu wamevaa koti moja.

Sisi tunaosali kwa Kiswahili huku, tuliotoka Bukavu na Bujumbura, Kigoma na Nairobi, hatukuzaliwa na mchezo huu. (Ingawa Nairobi nayo ina barafu: kiwanja kidogo ndani ya hoteli kwenye Barabara ya Mombasa, ambako vijana wa timu ya Ice Lions wamecheza miaka mingi bila skauti yeyote wa kuwaandika, na kwa muda mrefu bila hata timu nyingine ya kushindana nayo.) Ni watoto wetu walioupokea, kama walivyoupokea ubaridi wenyewe, na sisi tukawafuata hadi kwenye viti vya uwanja, tumejifunika blanketi katikati ya Julai. Tukiwa pale swali limetujia ambalo si la michezo. Mtu ana haki gani ya kumtazama kijana wa miaka 18 na kuandika kwenye daftari kwamba huyu atakuwa mtu fulani, na yule hatakuwa?

Wahenga wetu walisema nyota njema huonekana asubuhi, na kazi yote ya skauti imejengwa juu ya methali hiyo. Wala si kazi ya kubahatisha. Wale wanaoitwa mwanzo katika drafti, ukiwachukua kwa jumla, hufika mbali kuliko wanaoitwa mwisho. Tunalisema hili mapema kwa sababu mahubiri yetu yamezoea kwenda upande wa pili. Tunapenda kusimulia habari za Pavel Datsyuk, Mrusi aliyepitwa kabisa katika drafti, kisha akachukuliwa na Detroit Red Wings mwaka 1998 akiwa mtu wa 171, baada ya skauti Håkan Andersson kumwona alipokwenda Urusi kumtazama mchezaji mwingine. Alikuwa mdogo wa umbo. Leo jina lake limo katika jumba la heshima la hoki. Tunapenda pia kumtaja Martin St. Louis, ambaye hakuitwa na timu yoyote, timu iliyomjaribu ikamwachia, na mwaka 2004 akachukua Kombe la Stanley akiwa na Tampa Bay pamoja na tuzo ya mchezaji mwenye thamani kuliko wote katika ligi.

Ni habari tamu, na ni za kweli. Lakini zikisimuliwa madhabahuni ili kila mtoto aamini kwamba maskauti ni vipofu, zinageuka kuwa uongo. Kwa kila St. Louis mmoja wapo vijana wengi sana waliopitwa ambao macho ya maskauti yalikuwa sahihi juu yao, na wao pia wana mama zao, na mama zao wako kanisani. Imani inayowafaa tu wale waliokuja kushinda baadaye haijawafikia watu wengi. Kwa hiyo tuliache kando swali la kama wapimaji hukosea. Hukosea, nao wanajua. Swali zito zaidi ni hili: kipimo kinamfanya nini yule anayepimwa?

Mtazame Alexandre Daigle. Mwaka 1993 Ottawa Senators walimwita wa kwanza kabisa, wakampa mkataba wa miaka mitano wenye thamani ya zaidi ya dola milioni 12 kabla hajacheza mechi hata moja ya ligi. Alikuwa na miaka 18. Alikuja kucheza mechi zaidi ya 600 katika ligi ambayo watoto wengi wa Kanada huiota na ambayo wachache mno huikanyaga. Hata hivyo, hadi leo watu wakitaka mfano wa kijana aliyeshindwa, jina lake ndilo hutangulia. Ameshindwa nini? Ukiondoa ile ahadi, unabaki na mwanamume aliyefanya kazi ngumu kwa miaka mingi mbele ya macho ya watu. Waliotoa ahadi walikuwa watu wazima, wenye suti na meza ndefu. Aliyedaiwa alikuwa kijana. Tunaona hapo dhuluma ambayo haina jina katika sheria za mchezo wowote: kuweka ahadi kwa kinywa chako, na kumwachia mwingine deni. Na wazazi waliohama nchi tunaifahamu dhuluma hii kwa karibu, kwa kuwa ni nani kati yetu asiyewahi kusikia mtoto akitambulishwa kwa wageni sebuleni kama daktari, naye yuko darasa la nane?

Lakini deni hilo humwangukia aliyepandishwa. Aliyeshushwa hufanywa jambo jingine, na hapo kuna utafiti ambao kila mzee wa kanisa angefaa kuujua. Mwaka 1985 mwanasaikolojia Roger Barnsley na wenzake walichapisha walichokigundua katika hoki ya vijana wa Kanada: wachezaji waliofika juu walikuwa wamezaliwa kwa wingi Januari, Februari na Machi, na wachache Oktoba hadi Desemba. Hakuna fumbo la nyota hapo. Watoto hupangwa kwa mwaka wa kuzaliwa, kuanzia Januari mosi. Katika kundi la watoto wa miaka tisa, wa Januari anamzidi wa Desemba karibu mwaka mzima, na katika umri huo mwaka mmoja ni urefu, ni uzito, ni akili ya kumsikiliza kocha. Basi kocha anachagua wale anaowaona bora, na kwa siku ile kweli ni bora. Waliochaguliwa wanapewa makocha wazuri zaidi, muda mwingi zaidi wa barafu, mechi nyingi zaidi. Baada ya miaka saba ukiwapima tena, wamewazidi wenzao kabisa, na tofauti sasa si ya miezi. Imekuwa ya kweli. Kocha hakukosea: ameumba alichokitabiri.

Mwaka 2013 Robert Deaner na wenzake wakaongeza jambo. Walipochunguza drafti za miaka mingi, waliona kwamba wachezaji waliozaliwa nusu ya pili ya mwaka walikuwa wakiitwa wakiwa wamechelewa kuliko walivyostahili kwa yale waliyokuja kuyafanya baadaye ligini. Maana yake ni kwamba hata watu wanaolipwa kwa kazi ya kutazama, wenye kila sababu ya kifedha ya kuona sawasawa, waliendelea kuyaona yale ya miaka tisa kwenye mwili wa miaka 18.

Hapa ndipo tunapomkumbuka Samweli nyumbani kwa Yese. Kisa hicho tunakihubiri sana, na kwa kawaida tunakimbilia sehemu ya Mungu kutazama moyo. Tunaomba turuhusiwe kukaa kidogo mahali pengine. Samweli alikuwa nabii, na bado alipomwona Eliabu, mzaliwa wa kwanza, mrefu na mwenye sura nzuri, alidhani kazi imekwisha. Huyu ndiye mtu aliyekwisha kumpaka mafuta Sauli, aliyewazidi watu wote kimo, na kuona mambo yalivyoishia kwa majonzi. Uzoefu haukumponya jicho. Kwa hiyo tusijidanganye kwamba sisi, kwa kuwa tumeokoka, tumepewa darubini ya kuona mioyo. Andiko linasema Mungu ndiye aonaye hivyo. Halisemi wazee wa usharika.

Samweli aliachiwa nini basi? Aliachiwa swali. Wana saba wamepita mbele yake na hakuna aliyekubaliwa. Angeweza kumchagua aliye afadhali kati ya saba, watu wale, chakula kiko tayari. Badala yake akamuuliza baba kama watoto wote wamekwisha kufika. Hapo ndipo Yese anamtaja, kama mtu anayetaja kitu alichokisahau nje, yule mdogo aliye na kondoo. Na Samweli anakataa kuketi mezani mpaka ameletwa. Kwetu hilo ndilo tendo la haki kubwa kuliko yote ambalo mpimaji wa binadamu anaweza kulifanya. Hakuona vizuri zaidi ya wengine. Alikataa tu kuamini kwamba waliopangwa mbele yake ndio watu wote waliopo. Wale wa Desemba wako malishoni. Hakuna aliyewafukuza, ila wakati wa kupanga mstari hakuna aliyewakumbuka.

Timu za siku hizi, tuwape haki yao, hazitazami misuli peke yake. Zinataka kujua tabia. Kabla ya drafti huwaketisha vijana chumbani na kuwahoji, na kambini humwangalia kijana anavyoishi: baada ya zoezi nani anaokota paki, vile visahani vya mpira mgumu wanavyochezea, bila kutumwa, nani anamsalimu mzee anayenoa viatu vya barafu, nani anasaga meno akinyang'anywa mchezo na nani anarudi nyuma kukaba. Tunaipenda sehemu hii, na wengi wetu tungekuwa maskauti wazuri wa kuokota paki. Lakini hapa pia pana mtego, nao unatuhusu sisi kwa jina. Katika nyumba zetu mtoto mwenye adabu hamkazii mkubwa macho. Akiulizwa na mzee, huinamisha kichwa, hujibu kwa ufupi, wala hajisifii, maana anayejisifia mbele ya wakubwa ni mtovu wa adabu. Mpeleke kijana huyo mbele ya meza ya wahoji waliokulia Toronto au Minnesota, na adabu yote tuliyomfundisha kwa miaka 18 itaandikwa kwa mstari mmoja: hajiamini. Walimu wa shule wameshatuandikia hivyo kwenye ripoti za watoto wetu. Hawana chuki. Wanasoma kitabu kilichoandikwa kwa lugha nyingine, na wanadhani wanakielewa kwa sababu herufi ni zilezile.

Je, tuseme basi kwamba kupima vijana ni dhambi, tuache? Wapo wanaosema hivyo, kwa upole mwingi: kila mtoto ana kipaji chake, tusimlinganishe na mwenzake. Sisi hatukubali. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Kijana wa miaka 21 aliyealikwa kambini, ambaye kasi yake haitoshi na haitatosha, ana haki ya kuambiwa hivyo na mtu anayejua, akiwa bado na muda wa kurudi chuo. Vifaa vya hoki ni ghali, na barafu hukodishwa kwa saa. Tunawajua wazazi wanaofanya zamu ya pili usiku kwa ajili hiyo. Kocha anayemwogopea machozi akaendelea kumwambia vizuri, vizuri, anamwibia kijana miaka, na wazazi anawaibia usingizi. Hata katika mfano wa talanta, bwana mwenyewe alitoa tano, mbili na moja kwa kuangalia uwezo wa kila mtumishi. Bwana hakujifanya kwamba wote ni sawa.

Tofauti tunayoiona ni ndogo kwa maneno na kubwa kwa matendo. Mwalimu wa kuteleza anasema, mguu wako wa kushoto hausukumi hadi mwisho, ndiyo maana unachelewa kona ile. Fanya hivi mara 200 kila siku hadi Septemba. Hayo ni makali, na yanauma, na kijana anaondoka na kazi mkononi. Skauti anasema, huyu si wa kiwango chetu. Hayo nayo huenda ni kweli. Lakini anayesikia ya pili peke yake anaondoka na nini? Tunadiriki kusema kwamba anayehukumu bila kufundisha amechukua nusu ya kazi, ile nyepesi. Kambi ya Julai, pamoja na biashara yake yote, angalau inawalazimisha waliokuja kuhukumu wakae nyumba moja na wanaofundisha. Na wale walioalikwa tu, ambao timu haina hakika kama itawaona tena, nao hufundishwa goti lilelile, darasani huketi pamoja na wa kwanza katika drafti. Hilo si dogo. Yapo makanisa ambayo mwalimu mzuri hupewa wanakwaya bora tu.

Maandiko yametuachia ugomvi mmoja wa wapimaji wawili, na tunashukuru kwamba hayakuuficha. Yohana Marko alianza safari na Paulo na Barnaba, kisha walipofika Pamfilia akawaacha akarudi Yerusalemu. Ilipokuja safari ya pili Barnaba alitaka wamchukue tena. Paulo akakataa kabisa. Wakashindana hata wakaachana, mmoja akaenda na Sila, mwingine akamchukua Marko wakavuka kwenda Kipro. Tusifanye haraka kumlaumu Paulo. Safari zile zilikuwa na mawe na fimbo, na alichokiandika katika daftari lake kuhusu Marko kilikuwa kimetokea kweli. Wala tusimfanye Barnaba malaika, maana Marko alikuwa jamaa yake, na kila aliyewahi kutazama hoki ya watoto anajua kocha ambaye ni baba wa mchezaji huona vipaji wasivyoviona wengine. Lakini miaka mingi baadaye, akiwa amefungwa na wengi wamemwacha, Paulo anaandika kwamba Marko aletwe, kwa kuwa anamfaa kwa huduma. Katikati ya kumkataa na kumwita kuna miaka ambayo Maandiko karibu hayaisemi kitu. Mtu fulani aliitumia kumkuza yule kijana. Nao Paulo, hili ndilo linalotugusa zaidi, hakulishika daftari lake la kwanza hadi mwisho. Alilifungua akaandika upya.

Tunayaandika haya kwa sababu sisi nasi tunapima. Usharika wetu ni mdogo, jengo tunaazimwa, na mfuko wa elimu unatosha kumlipia kijana mmoja kwa mwaka. Kila Agosti wazee na walezi wa vijana huketi kumchagua. Tunachokitazama tunakijua: nani anahudhuria, nani anaongoza sifa, nani anasoma neno bila kukwama. Wote hao wanaonekana asubuhi, kama nyota ya wahenga. Lakini wako pia wanaofanya kazi Jumapili kwenye viwanda vya nyama na maghala, wanaofika ibada ikiwa inakwisha, wanakaa karibu na mlango na wanaondoka kabla ya chai. Wapo waliowasili nchini wakiwa na miaka 15 bila Kiingereza, wakawekwa darasa la wadogo zao, na ripoti zao za shule zinapima miaka mitatu ya mtu ambaye mwenzake ana kumi. Na wapo tuliokwisha kuwapima mara moja, walipovurugikiwa, na daftari likafungwa.

Tumependekeza kwa baraza mambo mawili mwaka huu. La kwanza, kabla orodha haijasainiwa, kila mzee ataje jina moja la kijana ambaye hayumo, na aeleze kwa nini hayumo. La pili, wale wasiochaguliwa wasipewe barua tu. Kila mmoja apewe mtu wa kukaa naye mwaka mzima, kwa hesabu, kwa Kiingereza, kwa kujaza fomu za chuo, kwa chochote kile ambacho mguu wake wa kushoto haujakisukuma hadi mwisho. Pendekezo la kwanza limekubaliwa bila shida. La pili limeleta maneno, kwa sababu linahitaji watu kumi na wawili wenye jioni moja ya wiki, na hadi sasa wamejitoa watano. Orodha itafungwa Jumapili ya mwisho ya Agosti. Majina manne yameshaandikwa.